Jina Kwanza, Dawa Baadaye

Jumatatu, 17 Septemba 1956

Wa kwanza! Mimi! Theodosia wa Maguu, mjane, mwenye mjukuu, miaka arobaini na moja — wa kwanza katika mtihani wa kuandika! Sista Gertruda amesoma majina mbele ya darasa zima, na langu limetangulia. Nikajifanya nasugua doa kwenye aproni. Hakukuwa na doa lolote.

Dorothy wa pili. Mtoto ana akili, na kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Amenikumbatia mpaka kofia ikanidondoka. Siku nilipoingia darasani wasichana hawa waliniita bibi wa darasa, wakadhani nimefuata mashuka machafu. Na kweli kazi niliyoanza nayo hapa hospitalini ni kufua mashuka. Leo bibi wa darasa amewatimulia vumbi.

Umebaki mtihani wa wodini, tarehe nne Oktoba. Daktari wa Serikali atatoka Songea kuja kutusimamia. Anayefaulu anapata cheti cha uuguzi. Anayeongoza anapelekwa Peramiho kuendelea na masomo. Peramiho! Shemeji yangu Flaviani aliniambia mwanamke wa umri wangu anasubiri wajukuu, hasubiri cheti. Nasubiri vyote viwili, shemeji. Mgongo uliochimba mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, kwenye miteremko ya Maguu hautashindwa kuinamia kitanda cha mgonjwa.

Alhamisi, 20 Septemba

Leo nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, na halikuwa jambo la kucheka. Wodi ya wanaume ina wavuvi wawili watu wazima, na mzaliwa wa kwanza wa kila mmoja anaitwa Kiliani. Kwa hiyo wote wawili ni Baba Kiliani. Nani atamwita mtu mzima kwa jina lake? Hata wake zao hawathubutu. Basi Winifrida wa darasa letu kashika kikombe cha mafuta ya nyonyo, dawa ya kuharisha, kaita Baba Kiliani. Aliyekuwa karibu akaitika, akanywa yote, akashukuru. Kumbe ndiye aliyelazwa kwa kuhara! Maskini, ameshinda chooni. Yuko salama, ila hasalimii mtu.

Sista hakucheka. Ametupanga mstari akasema kuanzia leo hakuna Baba Fulani wala Mama Fulani wodini. "Jina kwanza, dawa baadaye." Unasimama kitandani, unataja jina la mgonjwa mwenyewe, naye anaitika kwa kinywa chake. Ndipo sindano, ndipo kidonge. Na siku ya mtihani, atakayetoa dawa bila kutaja jina ameanguka, hata kama mengine yote amepata.

Sheria nzuri. Na rahisi kukumbuka.

Jumapili, 23 Septemba

Baada ya misa nimepita sokoni kununua dagaa wa usipa. Muharami wa duka la vitambaa — ambaye mwaka jana hakuniona hata nikiwa nimesimama mbele yake — leo kaacha wateja, kaniamkia: Shikamoo, Mama Nesi. Nimeitikia polepole, ili wote wasikie. Kisha nikazunguka njia ndefu nipite tena mbele ya duka lake. Mungu anisamehe, na leo Jumapili.

Tangu nijifungue mimi ni Mama Bonifasia tu. Sista peke yake ananiita Theodosia. Mwanzoni nilikuwa nageuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Sasa nalipenda jina langu.

Jumanne, 25 Septemba

Niandike taratibu.

Asubuhi kila mwanafunzi kapewa kitanda chake cha mtihani. Mgonjwa atakayekuwa juu yake ni wako mpaka daktari aje. Changu ni cha dirishani, upande wa ziwa. Kilikuwa kitupu, nimekitandika kwa madaha, nikangoja wa kuletwa.

Mchana wakaleta mtu kwa machila. Alikuwa anashuka kutoka milimani na mzigo wa maharage, aje abadilishane na samaki, akateleza kwenye mawe. Paja limechanika, nyama inaonekana. Wakamlaza dirishani. Nikasogea na beseni la maji ya moto. Akageuza uso.

Mkwe wangu! Mume wa Bonifasia!

Beseni likaniponyoka, maji yote sakafuni. Na yeye, pamoja na homa yake, akavuta blanketi akajifunika kichwa. Ana adabu, kijana wa watu. Tangu amwoe mwanangu hatujawahi kukaa chumba kimoja. Tukikutana njiani mmoja anapita majanini. Nikipeleka kitu kwao nakiacha uani. Na jina lake halijapita mdomoni mwangu, halitapita. Mama mkwe akimtaja mkwe wake jina ni sawasawa na kumvua nguo mbele za watu, na aibu inamwangukia binti. Hata humu daftarini siliandiki. Baba Teodora, basi, kwa jina la mjukuu wangu.

Wasichana wote wale, na aliyeletewa mkwe ni mimi! Lakini nani mwingine? Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mkwe.

Jumatano, 26 Septemba

Dorothy amekuwa mdomo wangu na mikono yangu. Anataja jina, anaitikiwa kutoka chini ya blanketi, anasafisha kidonda, anachoma penisilini. Mahali pa sindano panajulikana, Mungu anisitiri! Mimi niko nyuma ya pazia nachemsha vifaa. Halafu namtandikia kitanda chake. Tunakwenda vizuri.

Ijumaa, 28 Septemba

Hatuendi vizuri. Sista katukuta. Kaniita ofisini, nikamweleza yote, nikamwomba nibadilishane kitanda na Dorothy. Nilidhani atakubali, maana ananipenda.

Hakukasirika. Kaniuliza, Theodosia, ukifika Peramiho wakileta mkwe mwingine, au shemeji, au padri aliyekubatizia watoto, nani atakubadilishia kitanda? Akasema leo na kesho atamhudumia mgonjwa yeye mwenyewe. Jumapili ni mimi, au kitanda anampa mwingine na mtihani wangu umeishia hapo.

Nimetoka uso umeniiva. Niliumia. Na kinachouma zaidi ni kwamba ana haki.

Jioni Bonifasia kafika kutoka Mpepai alikoolewa, mtoto mgongoni, miguu yote vumbi. Kalia kwanza kwa mumewe. Kisha kaja kulia kwangu, tena kwa hasira. Anasema watu wa kwao wameshasikia mumewe amelazwa kwenye kitanda cha mama mkwe. "Mama, ukimtaja jina mbele ya watu, mimi nitauweka wapi uso wangu nikirudi?" Nimemwambia sijamtaja. Akasema, bado. Hatukuagana vizuri.

Jumapili, 30 Septemba

Sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Nimeingia wodini na beseni. Paja limevimba, linanuka kupita jana. Baba Teodora kajikunja ukutani kama jongoo, blanketi kalibana kwa mikono miwili. Bonifasia kasimama pembeni, hanitazami. Nikamwambia binti yangu amwambie mumewe kidonda lazima kioshwe. Akamwambia. Mumewe akajibu kupitia kwa mkewe kwamba afadhali aoze.

Hapo nikapandwa na hasira, hasira ya kweli! Mjukuu wangu akose baba kwa ajili ya haya zetu? Ng'o! Nikaweka beseni chini. Nikasema kwa sauti, lakini nikiangalia dirisha, "Mama mkwe wako yuko Maguu anaanika kahawa. Hapa kuna nesi, na nesi hana mkwe."

Yule Baba Kiliani wa mafuta ya nyonyo kaketi kabisa asipitwe.

Kisha blanketi likaanza kupanda. Polepole, kutoka miguuni. Akafunua mguu mpaka pajani, na palipobaki akafunika, uso na vyote. Mimi nikatazama kidonda tu. Nimekiosha, nimetoa usaha wote, nimekifunga kwa bandeji iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kufunga. Hakulalamika. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilipotoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikacheka peke yangu. Niliweza!

Sista kapita akasema kazi safi. Sindano ataendelea kuchoma yeye mpaka Alhamisi. Akaongeza kwamba jina analingoja.

Jumanne, 2 Oktoba

Kidonda kinapendeza! Nyama nyekundu, harufu imekwisha, homa imeshuka. Leo kala ugali wa muhogo bakuli zima, mimi nikiwa nje, kama inavyopasa. Hilo paja nitaingia nalo Peramiho.

Jina. Nimejaribu kulisema peke yangu kule mashuka yanakoanikwa. Herufi ya kwanza inatoka, midomo inafungana. Nimewahi kuzalisha mtoto aliyetanguliza miguu, sikutetemeka. Neno moja la ubatizo, ulimi unakuwa gogo.

Nimemwuliza Bonifasia hali yake. Kasema hawezi kunikataza, maana mguu wa mumewe ni kazi ya mikono yangu, anaona. Lakini mama wa mumewe atasikia. Hapo kanitazama, macho yamejaa, akasema kule nyumbani yeye ndiye atakayeishi na hilo jina, si mimi. Nilimsuka nywele tu, kama zamani.

Najivunia cheti ambacho sijakipata. Na najivunia binti niliyemlea akajua aibu. Sasa vinagombana, na nimevizaa vyote viwili.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mchana. Nimekaa kwenye ngazi za stoo ya mashuka, nyuma ya wodi. Wenzangu wanakula, mimi nimekimbilia daftari.

Asubuhi imekwenda vizuri mno! Daktari ni Mzungu mrefu, mkavu, Kiswahili chake cha Songea kabisa. Kanisimamia nikitandika, nikipima homa, nikisafisha kidonda. Kainama, kachungulia, kauliza nani amekihudumia. Nikasema mimi. Akauliza nimefanya kazi hii tangu lini, na mimi, mdomo wangu huu, nikamjibu kwamba nimeanza juzi lakini nilianza kuosha vidonda kabla yeye hajaota meno. Sista kafunga macho. Daktari kacheka! Kaandika kitu kirefu. Dorothy, aliyekuwa kitanda cha pili, ananiapia alisoma neno Peramiho. Yule naye kwa kuchungulia!

Mchana huu ni dawa. Kila mtu kitandani kwake, jina, kuitikiwa, sindano. Wanaanza na Winifrida, halafu Dorothy, halafu mimi.

Nilipokuwa nakusanya vifaa Baba Teodora kamwita mkewe. Yuko hatua moja kutoka kwangu, lakini kamwambia mkewe, uso ukutani, sauti ya kusikika wodi nzima. "Mwambie nesi, akiniita, nitaitika."

Bonifasia kanigeukia. Ilimpasa anipelekee maneno, kama desturi ilivyo, ingawa nimekwisha kuyasikia. Nilidhani atayameza. Kanishika kola ya gauni, kaiweka sawa, kisha kasema, "Mama, anasema ukimwita ataitika." Halafu kambeba Teodora akatoka, akaenda kusimama nje ya dirisha, mahali ambapo kila kitu kinasikika. Angeweza kwenda ziwani. Hakwenda.

Mwanangu huyo! Nani alimfundisha ujasiri huo? Mimi!

Namsikia Winifrida anataja, anaitikiwa. Sasa Dorothy. Sauti yake haitetemeki, mtoto yule.

Nijaribu hapa kwanza, penseli haina haya.

Mansuetus.

Mkono haujakatika. Mansuetus, Mansuetus. Jina zuri, kumbe. Wananiita — Theodosia, anasema Sista, Theodosia, zamu yako —