Vitenge kwenye Mlango wa Chumba cha Baridi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kikatiti, 13 Machi 2025

Jina: Zakia Twahir Msangi. Umri: miaka 41. Kabila: Mpare. Dini: Mwislamu. Kazi: mfungashaji, shamba la maua. Makazi: Kikatiti.
Kosa linalochunguzwa: kuharibu mali. Mtuhumiwa: Elisaria Nnko, dereva wa trekta.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefanya kazi shambani hapo miaka tisa. Maua tukishayafunga tunayaweka chumba cha baridi. Mlango wake ukifungwa haufunguki kwa ndani. Kitasa kilikufa zamani, kikitengenezwa kinakufa tena. Kwa hiyo sisi akina mama tulijiwekea utaratibu. Anayeingia anafunga kitenge chake kwenye mpini wa nje. Ukikiona, huufungi mlango.

Mwezi Februari meneja wetu mpya, Bw. Oscar, alipokea wageni wanunuzi. Walipoondoka aliagiza vitenge vitolewe. Alisema, "Mlango si kamba ya kuanikia."

Mwenzangu wa meza moja, Penina Kaaya, alimjibu, "Bosi, hicho ndicho kinachotuambia kuna mtu ndani."

Akasema ataleta bango. Hakusema kwa ubaya, alikuwa na haraka. Bango halijaja mpaka leo.

Mnamo tarehe 11 Machi, jioni, Penina aliingia kupanga ndoo za waridi. Mlinzi alipita, akakuta mlango wazi na hakuna dalili ya mtu. Akaufunga kwa kufuli kama alivyoagizwa. Ufunguo akampa mtunza stoo, aliyekuwa anakwenda mjini, Ngarenaro, kununua vipuri.

Tulipokuwa tunabadilisha nguo, simu ya Penina ililia ndani ya mkoba wake, ikalia tena. Nikajua hajatoka, nikakimbia mlango wa chumba cha baridi nikaweka sikio. Kulikuwa na mtu anagonga, lakini kwa udhaifu sana. Nilipiga kelele.

Elisaria alikuja na mtaimbo. Mlinzi akamwambia, "Usivunje, ngoja ufunguo."

Elisaria akajibu, "Ufunguo uko Ngarenaro, mtu yuko hapa." Akavunja.

Penina alitoka midomo imebadilika rangi, hawezi kusema. Tulimfunika kwa nguo zetu zote. Nilimshika mikono mpaka hospitali. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Jana Bw. Oscar alitoka kumwona Penina hospitali, akaja akaketi nasi juu ya ndoo. Kisha akauliza, "Ni nini kingine mnachofanya ambacho mimi sikijui?" Mfungashaji mwenzetu, Arafa, akaanza na swichi mbovu ya mashine ya kukatia mabua, wengine wakafuata, hata wale wasiozoea kusema. Alisikiliza mpaka giza. Alisema Elisaria hana kosa, na kwamba atakuja hapa kituoni mwenyewe kulisema hilo.

Naongeza jambo moja. Ameitisha kikao cha usalama kesho saa nne asubuhi. Saa nne sisi tunapakia gari la uwanja wa ndege. Akifika hapa, naomba aambiwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: Z. T. Msangi

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Ebenezer, na shahidi ameyasaini mbele yangu. Meneja amefika kituoni, ameambiwa. Kikao kimesogezwa hadi saa nane mchana.