Springi za Gari Lako, Ouma

Ouma, ndugu yangu,

Ijumaa nilipiga simu Nairobi nikawaambia waweke zile ngumu. Yule kijana wa duka la magari aliniuliza mara mbili: "Una hakika, madam? Kiwanda kikishaliunga, hatuwezi kubadilisha." Nikamjibu kwamba nina hakika. Ukweli ni kwamba laini ilikuwa na kelele, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni akisubiri simu yake, nami sikupenda kuonekana mtu mzima asiyejua anachotaka. Nakuandikia ili angalau mtu mmoja ajue kwamba sikuwa na hakika, na kwamba mpaka sasa sina.

Ni Jumapili asubuhi. Nimeketi kando yako, kwenye kiti cha Mama, upande ambao saruji haikupasuka. Nilifika juzi jioni kutoka Migori, kama ninavyofanya sasa kila mwisho wa juma shule inaponiruhusu. Ulikuwa ukinicheka kwamba nakuja nyumbani kama mgeni wa serikali, kwa taarifa na kwa muda mfupi. Sasa nakuja mara kwa mara, na wewe ndiye usiyesema lolote.

Mengine yamebadilika bila kutuuliza. Akoth, mke wako, ndiye anayepokea mbuta, samaki wa biashara yako, kule Muhuru Bay. Wavuvi walidhani mjane atawauzia machozi. Sasa wanamwona akishuka kwenye lori wanaanza kunyoosha mizani wenyewe. Okelo bado anaendesha lori lako kubwa. Lile dogo limesimama nyuma ya nyumba, na kuku wametaga chini ya kiti cha dereva. Mama amehamisha redio yako chumbani kwake, lakini haiwashi. Mimi nafundisha historia vilevile, ila nimegundua kwamba nakawia kufuta ubao.

Na kuna hilo gari.

Nakumbuka namna Homa Bay nzima ilivyokucheka uliposema umeagiza gari jipya la michezo, la viti viwili, jekundu lililokolea, lenye pua ndefu na tumbo lililo karibu na ardhi. "Na mbuta utaweka wapi, Ouma?" waliuliza pale gatini. "Kwenye paja?" Ukawajibu, "Hili halibebi samaki. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza." Nadhani nilikuelewa siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Mtu aliyenuka barafu na magamba ujana wake wote alikuwa amejinunulia kitu kimoja kisicho na kazi.

Ulinichukua twende pamoja Nairobi kutia sahihi. Yule kijana alituwekea mezani springi mbili za maonyesho, ukazipima mikononi, huku na huku, kama mwanamke anayechagua viazi sokoni. Alieleza kwa subira. Za kawaida ni ndefu kidogo na laini, zinameza shimo kabla halijafika kwenye mgongo wa mtu. Za michezo ni fupi na ngumu. Gari huketi chini zaidi, halilali kwenye kona, lakini kila kokoto utaisikia. Ulicheka. "Nimekalia springi za lori miaka yote hii, nyaminwa," ukaniambia, mimi dada yako. "Kuna mawe kati ya Muhuru na Rongo ambayo uti wangu wa mgongo unayaita kwa majina. Gari langu nataka liniambie barabara ilivyo. Lisinibembeleze."

Nilidhani tumemaliza. Kisha, tukiwa tayari mlangoni, ukasimama. "Lakini Mama je?" ukasema. Maana ulikuwa umemwahidi kiti cha pili, safari ya kwanza. Ukarudi ndani ukamwomba yule kijana akupe wiki moja ya kufikiri. Wiki haikuisha, malaria ikapanda kichwani.

Basi nilichobaki nacho kutoka kwako ni sentensi mbili zinazopingana. Darasani nawafundisha wanafunzi kuuliza juu ya kila ushahidi: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini. Nimejaribu. Huenda ile ya kwanza ilikuwa majivuno mbele ya muuzaji na ile ya pili ndiyo iliyotoka moyoni. Huenda ni kinyume: ya kwanza ilikuwa wewe, na ya pili ilikuwa adabu. Nimezigeuza mpaka zimelainika kama noti za zamani, na hakuna nilichosoma chuo kikuu kinachoweza kunisaidia.

Duka lilipopiga simu kutaka jibu, hakuna aliyethubutu hata kutaja kulifuta agizo. Tulikaa hapa barazani, Mama, Akoth, Baba Mdogo Odhiambo na mimi. Akoth alisema, "Wifi, amua wewe. Mimi nikiliona tu nitalia, liwe refu, liwe fupi." Baba Mdogo akanigeukia: "Mwalimu yupo. Tulimsomesha kwa nini?"

"Nilisoma historia, Baba," nikamwambia.

"Na hii si historia? Mwenye gari si amekufa?"

Akoth alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike. Mama hakucheka. Alisema, "Gari la mwanangu lije mpaka kwa mwanangu. Liingie langoni, lizunguke kaburi lake, alione. Baada ya hapo Akoth afanye nalo anavyotaka."

Sasa fikiria barabara, maana wewe ndiye uliyeijua. Kutoka Rodi mpaka Ndhiwa ni murram bila lami, na gari lolote lenye dereva mvumilivu litapita. Shida ni korongo letu, hapo chini kabla ya lango, na lile jiwe lililosimama katikati yake. Unajua desturi yetu ilivyo. Njia yetu hutengenezwa mtu anapokufa. Vijana hutoka na majembe bila kuitwa mara mbili, korongo linajazwa mawe, gari la maiti linapita, halafu mvua inakuja kuyachukua. Kwako walifanya kazi nzuri sana. Lori lako mwenyewe ndilo lililokuleta, limeoshwa mpaka halinuki kitu, Okelo akiwa kwenye usukani na Mama nyuma, ameketi sakafuni kando ya jeneza, mkono wake juu ya kifuniko. Kutoka Homa Bay mpaka hapa alikuwa akigonga ubao wa lori kwa kiganja: "Polepole, Okelo. Unamtikisa." Nilikuwa nimeketi mbele nikisikia kila pigo. Sijui kama mtu aliyekufa anaweza kutikiswa. Najua tu kwamba yule kijana aliponitajia springi kwenye simu, nilisikia kiganja cha Mama kikigonga ubao.

Nilishuka korongoni nikapiga magoti, nikapima jiwe kwa shibiri, nikilinganisha na vipimo alivyonipa yule kijana. Kwa springi za kawaida, tumbo la gari lingepita kwa kubahatisha. Kwa zile fupi lingekwama hapo hapo, magurudumu yakizunguka hewani mbele ya lango lako. Min Achieng', jirani yetu, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akasimama akaniangalia. "Mwalimu," akasema, "unapima kaburi la nani tena?" Tulicheka sote wawili. Kisha yeye akaacha, nami nikaacha.

Mtu mwenye busara angeishia hapo: za kawaida, Mama akae vizuri, gari lifike. Nami niliishia hapo kwa siku kadhaa. Lakini kila nilipojiona nikiyatamka maneno hayo kwenye simu, niliona gari linalofika kwako likiwa si lako. Ungelitazama lile lililoinuka kama la karani wa benki ungesema, "Hili ni la nani?"

Nikamwuliza Baba Mdogo kama hatuwezi tu kulijaza korongo. Alishtuka kana kwamba nimelitukana boma. "Uwaite watu na majembe, na hakuna maiti? Watauliza unamtengenezea nani njia." Hakuhitaji kuendelea. Katika boma letu mzee ni mmoja. Kila ambaye angeinua jembe angemtazama Mama.

Basi nilikwenda kwake kumwambia kwamba nimeamua, zitakuwa laini. Alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akitupa mchanga pembeni. Aliniuliza jambo moja tu: "Ouma alitaka zipi?" Nikamwambia sentensi zote mbili, kama zilivyo. Akautikisa ungo, akatupa mchanga tena.

"Ile ya pili aliisema kwa ajili yangu," akasema. "Ya kwanza aliisema kwa ajili yake. Gari ni la nani?"

"Na mgongo wako, Mama?"

"Mgongo wangu ulimbeba yeye, na haukuwa na springi."

"Na korongo?"

"Litajazwa."

"Watasema tunakuandalia wewe."

"Waseme. Nitapita juu ya mawe yao nimeketi mbele, nimefungwa mkanda, nikiwapungia mkono."

Ouma, ungekuwepo ungepiga makofi. Mimi sikuweza. Ni yeye huyu aliyetuambia utotoni kwamba hapendi sukari kwenye chai, nasi tukaamini mpaka tukawa watu wazima wenye mishahara. Pengine alitamka vile kwa sababu aliona nimechoka kuubeba uamuzi huu, akanitua mzigo kama anavyotua kila kitu, kisha akauweka mgongoni mwake. Pengine anataka kweli. Sina njia ya kujua, na kumwuliza tena ni kumlazimisha aseme uongo mzuri zaidi. Hivyo nilirudi Migori, Ijumaa nikapiga simu.

Jana, siku ya Sabato, matangazo yalipokwisha, Mama alisimama kanisani. Hakuwa ameniambia. Akasema, "Kesho asubuhi nawaomba wenye majembe waje korongoni kwangu. Hakuna aliyekufa. Nimesema mapema ili msije na nyimbo." Vijana wa nyuma walificha nyuso kwenye vitabu vya nyimbo wakacheka. Wazee walitazama sakafu. Tulipotoka nje watu walimsalimia kwa upole mwingi mno, na Min Achieng' aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, namna tunavyowashika wafiwa. Hakuna hata mmoja aliyesema atakuja.

Njiani nilimweleza Mama jambo ambalo labda ningelieleza mapema: gari halitafika kabla ya mvua kwisha, na mvua itayabeba mawe yote tutakayoyaweka leo. Nilitumaini ataahirisha. "Basi tutayaweka tena," akasema. "Acha watu wazoee kumtengenezea njia mtu aliye hai."

Haya ndiyo yote ninayoweza kukuripoti. Nimechagua, na sijui kama nimekuchagulia wewe, au Mama, au nimejichagulia mimi niliyetaka kusikia tena sauti yako ikiringa mbele ya muuzaji. Nikikosea, mgongo utakaoumia ni wa Mama, wala si wangu. Laiti ungekuwa umemaliza wiki yako. Ungesema neno moja tu, hata likiwa baya, ningelitii.

Nakuaga kwa sasa, nami nakuahidi hili. Gari litakapofika, Okelo ndiye atakayeliendesha, na Mama atakuwa kwenye kiti ulichomwahidi. Nitatembea mbele yao kwa miguu korongoni, nikiondoa kokoto moja moja kama itanibidi. Watakuzunguka polepole. Litakuambia barabara yetu ilivyo, bila kukubembeleza, kama ulivyosema.

Jua limefika kwenye msalaba wako na hakuna mtu aliyekuja. Kutoka korongoni nasikia jembe moja tu likigonga mawe. Ni la Mama. La pili liko hapa kando yangu, limeegemea saruji yako. Naenda.

Dada yako.