Macho ya Wabwile na Sensa Iliyozimwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kitale. Jumatatu, tarehe 17 Machi 2025. Yameanza saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Sellah Nakhumicha. Umri: miaka 34. Kazi: mwangalizi wa mashine, hadi jana. Makao: Tuwani, Kitale. Nyumbani: Tongaren.

Nina akili timamu na hakuna aliyenilazimisha kuja hapa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu nimesikia ninavyosemwa.

Nimefanya kazi miaka sita katika karakana ya Mwanzo Chuma, hapa Kitale. Tunatoboa sahani za chuma kigumu zinazofungwa kwenye mashine za kutengeneza chakula cha ng'ombe. Hatutumii keekee. Mashine yetu inapitisha umeme mwingi kwenye maji ya chumvi, kati ya kifaa cha shaba na ile sahani, na chuma kinalika polepole mpaka tundu litokee. Nafasi kati ya shaba na chuma ni nyembamba kama karatasi. Maji lazima yapite hapo kwa nguvu wakati wote. Yakipungua, cheche inaruka, na hewa inayotoka kwenye yale maji inalipuka kama gesi ya kupikia. Ndiyo maana kuna sensa ya maji, kifaa kinachopima mtiririko wake. Maji yakishuka, inakata umeme yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini, kuangalia umeme, maji na joto, na kuandika kila dakika kumi.

Mnamo Alhamisi tarehe 6 Machi, mashine ilijizima mara tisa kabla ya saa sita. Chujio la maji lilikuwa limejaa tope la chuma. Nilimwambia meneja wetu, Hillary Mukhisa, kwamba tusimame nusu siku tulioshe. Alisema, "Sellah, hiyo sensa yako inatuchelewesha bana. Oda inatoka Jumanne."

Nikamwambia sensa haina makosa, inasema ukweli. Alicheka. Saa nane mchana alifungua kabati la umeme mwenyewe, akaunganisha waya kupita kando ya sensa, isiweze tena kukata umeme. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha akamwita fundi mwenzangu, Joseph Wabwile, mtu wa Bumula, akamsimamisha karibu na kifuniko cha mashine.

"Wabwile, wewe sasa ndio sensa," alisema. "Angalia mpira wa maji. Ukiona umelegea, piga kelele."

Wabwile alinitazama mimi. Nilisema, "Meneja, mtu hawezi kuona kitu kama hicho." Mukhisa akaniambia kama nimechoka niseme, kuna watu wengi Kitale wanatafuta kazi. Nilinyamaza. Hilo ninalikubali na ninataka liandikwe. Nilinyamaza siku tatu za kazi.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, niliona maji yanashuka kwenye skrini na umeme unapanda kutoka ampea 800 hadi 1,100. Nilibonyeza kitufe chekundu cha kuzima. Mashine haikuzima. Ule waya ulikuwa umekata njia ya kitufe pia, na hakuna aliyeniambia. Nilipiga kelele, "Joseph, toka hapo!" nikakimbilia swichi kubwa ya ukutani. Ni hatua kumi na moja, nimezihesabu baadaye. Nilikuwa sijafika niliposikia mlipuko. Kifuniko kiliruka. Nilipogeuka, Wabwile alikuwa amekaa sakafuni, viganja usoni, maji ya chumvi yakimtiririka. Alikuwa akiuliza, "Mmezima taa? Sellah, mmezima taa?"

Taa zilikuwa zinawaka.

Tulimfikisha hospitali hapa Kitale, na kesho yake mke wake, Phelista, akamhamishia Bungoma awe karibu na nyumbani. Huku karakana Mukhisa akawaambia watu ati nilikuwa kwenye simu. Simu zetu tunaziacha kwa mlinzi tukiingia. Mlinzi aulizwe.

Mnamo Jumamosi tarehe 15 Machi, saa tano asubuhi, nilienda kumwona Wabwile Bungoma. Phelista alikuwa ameenda kutafuta maji ya moto. Nilimkuta Mukhisa ameinama kitandani, ameshika kidole gumba cha Wabwile, amekipaka wino. Wabwile alikuwa amefungwa bendeji macho yote mawili.

"Ni fomu ya matibabu tu," Mukhisa alimwambia.

Nilichukua karatasi kitandani. Iliandikwa kwa Kiingereza. Niliisoma kwa sauti, nikaitafsiri, wodi nzima ikisikia. Ilisema ati yeye Wabwile ndiye aliyezima sensa bila ruhusa, na hana lawama kwa kampuni.

Mukhisa alisema, "Sellah, unaharibu kazi yako."

Wabwile akasema, "Soma tena, dada."

Nikasoma tena. Akakunja kidole chake ndani ya ngumi, akaugeukia ukuta. Phelista alirudi na chupa ya maji ya moto, akauliza kuna nini. Nilipomweleza, alimwambia Mukhisa maneno manne tu: "Toka kwa mume wangu." Mukhisa akatoka.

Karatasi ninayo, nimeikabidhi kwa afisa. Daktari amesema jicho la kushoto halitaona tena. La kulia hawajui.

Jana nilifukuzwa kazi kwa ujumbe wa simu. Leo asubuhi mwenzangu Mary Ann amenipigia kusema chujio halijaoshwa, waya haujatolewa, na mashine inawashwa. Mtu aende huko. Asiende kesho.

Niliyosema ni niliyoyaona, na nitayarudia mahakamani Mukhisa akiwa amekaa mbele yangu.

Sahihi: S. Nakhumicha

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali baada ya kuniomba nikate neno "ajali" mahali pawili. Nimelikata, tumetia sahihi sote. Yamekamilika saa tano na robo. Saa sita kasoro dakika tano nimefika karakana hiyo pamoja na konstebo mmoja. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na wafanyakazi wawili walikuwa kando yake. Nimeamuru izimwe, nimefunga kabati la umeme, na Hillary Mukhisa yuko kituoni.

Koplo Fadumo Adow