Baba Zawadi Anajifunza Kupanda Mlima

Jumapili, Juni 1998. Jua zuri, upepo kidogo, nguo zimekauka mapema.

Sasa hivi Zawadi amekula Bolivia. Nimegeuka kuepua sufuria tu, kurudi namkuta chini ya meza, kitabu cha safari cha baba yake kiko mapajani na kona ya ramani iko mdomoni. Nimemtia kidole nikatoa nusu. Nusu nyingine imeshakwenda. Nashukuru hakuigusa Peru, maana Peru ndiko baba yake anakokwenda keshokutwa.

Naandika ili nitulize moyo.

Mume wangu Idi ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja kule Jacobs, hapa hapa Durban. Wametengeneza pampu za mgodi, na mgodi wenyewe uko juu ya milima ya Andes, mita elfu nne na zaidi. Anapelekwa wiki sita kuzifunga. Akimaliza kazi, bosi amesema atamwandika ajira ya kudumu. Miaka mitatu sasa tunaishi kwa kibarua.

Kufungasha sanduku nilikataa kusaidiwa, na hapo ndipo nilipojiaibisha.

Mimi mtu wa Tanga, shule nimeishia darasa la saba. Nilichukua rula nikapima kwenye ramani, nikaona mgodi uko karibu na ikweta kuliko sisi hapa Durban. Basi nikamfungia kama mtu anayekwenda kwetu: vikoi viwili, kandambili, mashati ya mikono mifupi na chandarua. Nikaongeza kilo mbili za maharage, asije akalala njaa.

Jirani yangu Mama Benedikta, Mkongomani wa Bukavu anayesuka nywele saluni ya chini, hawezi kuona kitu kimefungwa asikifungue. Alifungua sanduku, akakaa kitandani.

"Eh, Mama Zawadi! Unamutuma bwana yako kwa glace, kwa barafu, na kikoi? Unataka kuwa mujane?"

Nikamwambia, dada, kule ni karibu na ikweta.

"Kwetu Bukavu ikweta iko pale karibu, na asubuhi tunavaaka triko, sweta ya baridi. Mulima haijue ikweta, ma chérie."

Ndipo nikakaa na kitabu nilichokuwa nimekidharau, cha Kiingereza, kidole kwenye mstari na kamusi pembeni. Siku tatu.

Nchi ile imekaa kama kanga. Pindo la pwani ni jangwa, lina ukungu mwingi na mvua karibu hainyeshi. Mji wake ni milima. Pindo la upande wa pili ni msitu. Huko milimani mwezi huu ni kiangazi: mchana jua linababua ngozi, usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Mtu avae nguo juu ya nguo kama kitunguu, apunguze mchana, aongeze jioni. Kofia. Mafuta ya mgando ya midomo. Siku za kwanza apumzike, ale kidogo, anywe maji mengi. Wenyeji hunywa chai ya majani ya koka, ila usirudi nayo hata jani moja, utakamatwa uwanja wa ndege. Na maji ya huko huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maharage hayaivi.

Nikatoa maharage.

Jana tukaenda Isipingo kutafuta koti. Eish! Durban hakuna baridi ya maana, nani atauza koti zito? Tulipata moja tu kwenye mitumba, la kike, jekundu, lina manyoya shingoni. Idi akalijaribu, jasho likamtoka.

"Mama Zawadi, naonekana kama shangazi wa bwana harusi."

"Shangazi mzima ni bora kuliko bwana aliyeganda," nikamjibu. Muuzaji alicheka hadi akatupunguzia.

Lakini kilichonikaa rohoni ni ukurasa wa mwisho. Unasema usikimbie, panda taratibu. Na kichwa kikiuma sana, ukitapika, pumzi ikikatika hata umekaa, usingoje kesho. Shuka.

Idi hajui taratibu. Ngazi za hapa ni ghorofa nne, lifti imekufa, naye huzipanda mbilimbili. Leo mchana nimempa Zawadi nikamwambia apande naye kutoka chini, bila kumbeba. Zawadi ana mwaka mmoja na miezi minane. Kila ngazi lazima aikague, aisalimie, aketi. Wamefika baada ya nusu saa.

"Nimechoka kusubiri," amesema Idi, "lakini kupanda sijachoka hata kidogo."

"Basi huko mlimani tembea kama Zawadi amekushika kidole."

Akampa Zawadi kidole ashike. Hilo amelikubali, nimeona.

"Na ukiumwa utashuka?"

"Mama Zawadi, nishuke niwaambie nini? Kwamba kichwa kinauma? Wapo vijana kumi wanaingoja nafasi hiyo."

Huyu ndiye mtu aliyefanya kazi siku mbili na kidole kilichovunjika, akisema kimeteguka. Atakaa kule juu anacheka, huku kichwa kinapasuka.

Nikataka kumkasirikia. Nimeshindwa.

Maana chanzo ni mimi. Tangu habari zije sisemi kingine ila ajira ya kudumu. Nyumba yenye jiko letu wenyewe, shule ya Zawadi. Hata juzi nimemtambulisha kwa watu kama fundi wa kudumu, na hajaondoka. Akiumwa huko atavumilia kwa ajili yangu.

Kwa hiyo anayepaswa kumruhusu kushuka ni mimi, na bado sijamruhusu.

Leo kabla hajalala nitamwambia bila utani. Idi, hata ukirudi siku ya tatu, nitakuja kukupokea na mwanao mgongoni. Sitauliza pampu. Sitauliza bosi amesemaje. Nitakushika kichwa tu nione kama...

Ananiita. Naja, Baba Zawadi! Basi namwambia sasa hivi, kabla sijaogopa.