Siku Tano za Kamba

Kangemi, Nairobi
13 Juni 2025

Mpendwa kaka Omollo,

Habari za Doha na hilo joto lenu? Mgongo umepata nafuu? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila nina hasira ambayo haijanitoka tangu Jumatatu.

Unajua Mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa ule uvimbe wa tumboni, katika hospitali moja ya kibinafsi huku Upper Hill. Wiki moja kabla alienda kupimwa peke yake, mimi nikiwa kazini Kilimani. Nesi, na haraka zake, akamwambia, "Mathe, hizi za damu, from Wednesday you skip. Five days. Sawa?"

Mama akajibu sawa: kuanzia Jumatano, siku tano, askip. Shuleni kwao skip ilikuwa kuruka kamba, basi. Akaona ni mazoezi ya kuchangamsha damu. Siku hizi skip ni kuacha kitu: watu wanaskip mkutano, wanaskip darasa, binti yangu Jacklyne anaskip chai ya asubuhi. Nani aliwahi kumweleza Mama?

Kaka, mwanamke wa miaka sitini na saba, na goti lake lile, aliazima kamba kwa jirani. Asubuhi tano, nikishatoka, aliruka uani akijikaza. Na vile vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi akaendelea kuvimeza. Niliiona kamba mlangoni nikadhani ni ya watoto. Hilo sijajisamehe.

Jumatatu, ameshavaa gauni la hospitali, daktari akamuuliza kama alifanya alivyoambiwa na nesi.

"Niliruka, daktari. Siku zote tano." Akaonyesha kwa mikono.

Chumba kizima kikaangua kicheko, nesi yuleyule akiwa mbele. Upasuaji ukaahirishwa, kwa kuwa vidonge alikuwa amevimeza: wangemkata, damu ingekataa kukoma.

Nilimuuliza nesi, "Ulishindwa nini kusema asimeze?"

"Si alisema sawa?"

Nikakaa mlangoni kwa mkubwa wake hadi saa nane. Alipotoka alimwomba Mama msamaha, akaandika kwa mkono wake, akimtaja Mama kwa jina: "Peres asimeze vidonge hivi kuanzia tarehe 18." Upasuaji sasa ni tarehe 23.

Lakini Mama hatoki nyumbani. Goti limevimba, na jana hata kwa akina mama wa kanisa hakwenda. Naye binamu yetu Clifford, badala ya kuja kumwona, ametangaza habari kwenye grupu la familia na vicheko tele. Nimemwambia asikanyage kwangu.

Msalimie wifi Veronicah na mwanenu mdogo Were. Bwana awafunike huko ugenini. Mpigie Mama Jumapili, mwache akueleze mwenyewe, na tafadhali, Omollo, usicheke.

Dada yako akupendaye,
Maurine