Sikuwako Kwenye Nikaha Yangu

Jumanne, Msambweni

Hata wakili ameniuliza kama walivyouliza walioninyima viza: mbona simo kwenye picha za nikaha yangu mwenyewe?

Ningekwenda msikitini kufanya nini? Nilikuwa nyumbani, ndani, napambwa. Baba ndiye aliyeniozesha. Ndivyo tunavyooana huku.

Wakili ni mtu wa bara. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Basi dada, mlete mzee aape. Neno lake litaipa rufaa uzito.”

Baba tulimzika Ramadhani iliyopita. Nilipomwambia, alifunga faili taratibu.

Salim amepiga simu mara mbili kutoka Ulaya. Sikupokea. Nitamwambia nini mume wangu?

Pichani wameshikana mikono, yeye na baba. Siku ile baba alinikabidhi kwake. Leo hakuna wa kunifikisha.