Jibu la Mtu wa 2

Mama Brenda, sikia nilichokikuta leo.

Si unajua Violet wangu anasomea mifumo ya habari? Utafiti wake ni kuchambua meseji za kikundi chetu cha maziwa hapa Uru. Majina kompyuta imeyatoa, ikaweka namba. Mimi namsaidia: tunazipanga kwa aina, kila mtu peke yake: swali, taarifa, malalamiko. Halafu tunalinganisha.

Leo nimefika kwa Mtu wa 14. "Jamani, siku ya tatu siwezi kuamka. Kuna mtu aliye karibu?"

Ni Elisifa, jirani yangu! Wiki ile ile tuliyomzika.

Chini yake Mtu wa 2 kajibu: "Hapa ni mambo ya maziwa tu."

Mtu wa 2 ni mimi.

Kuna mtu aliye karibu? Nyumba ya tatu kutoka kwangu, Mama Brenda. Nyumba ya tatu!

Violet jibu langu kaliweka kwenye "maelekezo". Mimi nimeliweka kwenye "kumfukuza mtu".

Akasema, "Mama, mbona mkali hivyo? Huyu alikumbusha utaratibu tu. Wewe nia yake umeijuaje?"

Nikamwambia aliyeandika ni mimi.

 Akafuta "maelekezo", akaandika kama nilivyoandika mimi.